Je, nimeze vidonge vya sukari vya mama ili tumbo lisigeuke saratani?

Swali: "Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Umoja hapa Nairobi. Tumbo limenisumbua muda mrefu, kiungulia na kujaa gesi, kila kemisti naambiwa ni vidonda. Mwaka jana niliingizwa kamera na wakatoa vinyama vya kupima. Ripoti ilisema nina gastraitisi sugu, bakteria wa H. pylori, na kitu kinaitwa metaplasia ya utumbo. Nilipewa dawa za siku 14 nikazimaliza. Daktari aliniambia hiyo metaplasia inaweza kuwa saratani, kisha hapo hapo akaniambia nisiwe na wasiwasi. Nitakosaje wasiwasi na baba yangu alifariki kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 61? Binamu yangu ni muuguzi Marekani. Amenieleza kwamba wanajaribu metformini, dawa ya sukari, kwa watu wenye tumbo kama langu. Mama ana sukari na anatumia hiyo hiyo, kwa hivyo nimeanza kumeza kidonge chake kimoja cha miligramu 500 kila usiku, hii ni wiki ya tatu. Mimi sina sukari. Niendelee? Naogopa sukari isije ikashuka nikazimia. Na je, metaplasia inaweza kurudi nyuma? Nina kaka Nakuru ambaye pia analalamika tumbo."

Jibu:

Dada yangu, vidonge vya mama mrudishie leo. Wiki tatu za kidonge kimoja huenda hazijakudhuru, na huhitaji kupunguza pole pole, unaacha tu. Lakini usiendelee, kwa sababu nitakazokueleza moja baada ya nyingine. Binamu yako hakukudanganya: metformini inachunguzwa kweli kwa ajili ya tumbo lililobadilika kama lako. Tatizo ni kwamba inachunguzwa kwa kuwa hakuna anayejua kama inasaidia.

Hata hivyo, metformini siyo iliyonishtua zaidi katika barua yako. Umesema ulimaliza dawa za siku 14, ukaishia hapo. Hukusema kama ulipimwa tena ili kujua kama bakteria walikufa. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana kwa mtu mwenye historia ya baba kama wewe ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kwanza tuelewane kuhusu hii metaplasia. Ukuta wa ndani wa tumbo lenye afya umetandazwa utando wenye tezi ndogo ndogo. Kuna seli zinazotoa asidi, nyingine zinatoa vimeng'enya vya kusaga chakula, nyingine ute wa kuulinda ukuta wenyewe usichomwe na hiyo asidi. H. pylori huingia mwilini mara nyingi tukiwa watoto. Hujificha ndani ya ute, na mwili hupambana naye miaka nenda miaka rudi bila kumshinda. Mapambano hayo ndiyo gastraitisi sugu. Kwa watu wengi mambo huishia hapo na wala hawajui. Kwa baadhi, tezi huchoka na kupungua. Halafu mahali pa seli za tumbo panaanza kuota seli zinazofanana na za utumbo mdogo. Fikiria shamba la kahawa la Kiambu lililogeuzwa kuwa majumba ya kupanga: ardhi ni ile ile na mipaka ni ile ile, ila kinachosimama juu yake ni kingine kabisa. Hiyo ndiyo metaplasia ya utumbo. Si uvimbe wala si kidonda, na si saratani. Ni seli zilizo sawa kwa umbo lake, zilizokaa mahali pasipo pake.

Mfululizo huu ulielezwa mwaka 1975 na mwanapatholojia wa Kolombia, Pelayo Correa, pamoja na wenzake: gastraitisi sugu, kisha tezi kupungua, kisha metaplasia, kisha displasia, ambapo seli zenyewe zinaanza kuharibika umbo, na mwisho saratani. Wakati huo hawakujua chanzo. Bakteria mwenyewe alikuja kuoteshwa maabara mwaka 1982 kule Perth, Australia, na Barry Marshall na Robin Warren, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilimweka H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Watu wakisikia hivyo hutetemeka. Lakini Afrika tuna bakteria huyu kwa wingi mno, na walio wengi kati yetu watakufa uzeeni na sababu nyingine kabisa.

Sasa utaona kwa nini daktari wako alisema maneno mawili yaliyoonekana kupingana. Yote mawili ni kweli, ila hakukupa kipimo cha kuyapima. Uholanzi walifuatilia maelfu ya watu kupitia rejista yao ya taifa ya patholojia, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Katika miaka mitano ya kwanza baada ya kugunduliwa, waliokuwa na metaplasia ya utumbo walipata saratani ya tumbo kwa kiwango cha asilimia 0.25 kwa mwaka. Yaani ukikusanya watu 400 wenye ripoti kama yako, mmoja ndiye angepata saratani ndani ya mwaka, na 399 wasingepata. Wenye displasia kali walikuwa asilimia 6 kwa mwaka, na hao ndio tunaowakimbilia. Waholanzi si sisi, na wastani haumwoni mtu mmoja mmoja. Wewe una baba, na hilo linakusogeza juu ya wastani. Hata hivyo unaona ukubwa wa kitu tunachozungumzia: ni jambo la kufuatilia kwa miaka, wala si la kukosesha usingizi usiku huu.

Jambo jingine dogo kabla sijaenda kwenye metformini. Metaplasia haiumi. Kiungulia chako na gesi vina sababu nyingine, na vikipungua usidhani metaplasia imepona, wala vikizidi usidhani imekuwa saratani. Nimewaona wengi wanaopima hali ya tumbo lao kwa gesi ya jioni. Hawapati raha kamwe.

Haya, metformini. Ni dawa kongwe. Asili yake ni mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa Ulaya tangu zamani. Kemikali yenyewe ilitengenezwa Dublin mwaka 1922, na daktari Mfaransa Jean Sterne akaanza kuwatibu nayo wagonjwa wa sukari mwaka 1957. Leo iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, na ni nadra ukose kuiona kwenye nyumba ya Nairobi yenye mzee mwenye sukari. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisitengeneze sukari ya ziada. Hufanya hivyo kwa kuvuruga kidogo mitambo inayozalisha nishati ndani ya seli. Seli ikihisi nishati imepungua, huwasha kimeng'enya kiitwacho AMPK, na AMPK nayo hupunguza kasi ya njia inayoziamuru seli kukua na kugawanyika.

Hapo ndipo watafiti wa saratani walipoinua masikio. Kama dawa ya bei nafuu, iliyotumika zaidi ya miaka 60, inaweza kuziambia seli zipunguze kasi ya kugawanyika, kwa nini tusiijaribu mahali ambapo seli zimeanza kupotoka lakini bado hazijawa saratani? Tena metformini hujikusanya kwenye ukuta wa utumbo kwa kiwango kikubwa kuliko kile cha damuni. Na inapunguza insulini mwilini, ambayo nayo huchochea ukuaji wa seli. Kwa hoja, dawa hii inavutia, na mimi mwenyewe ningependa ifaulu.

Kuna pia takwimu zinazotia moyo. Mwaka 2019 watafiti wa Hong Kong walichapisha uchunguzi wa watu 7,266 wenye kisukari waliokwisha kutibiwa H. pylori. Waliokuwa wakitumia metformini walipata saratani ya tumbo kwa karibu nusu ya kiwango cha wasioitumia. Ukisoma sentensi hiyo peke yake unaweza kukimbilia kabati la dawa la mama. Soma tena: wote walikuwa na sukari. Na hakuna aliyewagawa kwa kura nani apewe nini. Walichofanya ni kusoma rekodi za hospitali zilizokwisha kuandikwa.

Hilo lina tatizo ambalo hata madaktari hulisahau. Metformini kwa kawaida ndiyo dawa ya kwanza ya kisukari, kwa hiyo anayeitumia peke yake mara nyingi sukari yake bado ni changa, figo zake ziko sawa, anakuja kliniki. Asiyeitumia huenda ni kwa sababu figo zilishachoka au amefikia insulini. Ukiwalinganisha hawa wawili, wa kwanza ataonekana amekingwa na dawa, kumbe alikuwa na afya bora tangu mwanzo. Kuna mtego mwingine wa ndani zaidi. Ili mtu ahesabiwe kuwa "ametumia metformini miaka mitano" lazima awe ameishi hiyo miaka mitano. Aliyeugua saratani mwaka wa pili hakupata nafasi ya kuingia kundi hilo. Mwaka 2012 Samy Suissa na Laurent Azoulay, watafiti wa Kanada, walizipitia tafiti nyingi za metformini na saratani wakaonyesha kwamba mitego ya namna hii ilikuwa imezikuza faida.

Dawa ya mtego huo ni jaribio la kura: watu wanaofanana wanagawanywa bila upendeleo, wengine wanapewa metformini, wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa. Na hapo majibu yamekuwa mchanganyiko. Japani, mwaka 2016, watu 151 wasio na sukari waliotolewa vinyama vilivyoota ndani ya utumbo mpana (polipu) waligawanywa hivyo kwa mwaka mmoja, kwa dozi ndogo ya miligramu 250 kwa siku. Vinyama vya aina ya adenoma, ambavyo ndivyo huweza kugeuka saratani, vilirudi kwa asilimia 30.6 ya waliopewa metformini na asilimia 51.6 ya wale wengine. Ni habari njema, ila utumbo mpana si tumbo, watu ni 151, na mwaka mmoja ni mfupi. Upande wa pili kuna jaribio kubwa la saratani ya matiti, wagonjwa 3,649, lililochapishwa mwaka 2022. Lilianzishwa kwa sababu takwimu za rekodi zilikuwa tamu kama hizi za Hong Kong. Miaka ilipopita, waliomeza metformini hawakuwa na nafuu yoyote zaidi ya wenzao katika kuzuia ugonjwa usirudi.

Kwa hiyo binamu yako anapokuambia "wanajaribu", maana yake ni hii: watu wenye metaplasia wanaingizwa kamera, vinyama vinachukuliwa sehemu maalumu za tumbo, wanameza kidonge kwa muda uliopangwa chini ya uangalizi wa damu na figo, kisha wanaingizwa kamera tena na vinyama vinalinganishwa na mtu asiyejua nani alimeza nini. Hata jaribio likifaulu, mara nyingi kinachopimwa mwanzoni ni alama za ndani ya seli na upana wa metaplasia. Kujua kama watu wachache wamepata saratani kunahitaji maelfu ya washiriki na miaka kumi au zaidi. Hesabu ile ya mmoja kwa 400 ndiyo inayolazimisha hivyo.

Utaniuliza: kama haina madhara, si nimeze tu nikingoja? Ni swali la haki. Hofu yako ya kuzimia kwanza niiondoe. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari chini ya kawaida, kwa sababu hailazimishi kongosho kutoa insulini. Wanaozimia aghalabu ni wanaotumia insulini au vidonge vya aina nyingine. Lakini kwa tumbo lako wewe hasa, kuna kitu kingine. Vitamini B12 ili ifyonzwe inahitaji protini maalumu inayotengenezwa na seli zile zile za tumbo zinazotoa asidi. Tezi zikipungua, protini hiyo nayo hupungua. Metformini, kwa njia yake, huzuia B12 isifyonzwe vizuri. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba upungufu huu sasa uhesabiwe kuwa madhara ya kawaida ya dawa hiyo. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ambayo sina shaka unayo nyumbani, ikitumiwa muda mrefu nayo hupunguza B12. Weka yote matatu kwa mtu mmoja, miaka mitatu minne mbele, na unaweza kupata ganzi miguuni, uchovu, upungufu wa damu, na kusahau sahau. Ganzi ikikaa sana huwa haiondoki yote. Mgonjwa wa sukari anaubeba mzigo huo kwa sababu anapata faida iliyothibitishwa. Wewe ungeubeba kwa faida ya kukisia.

Metformini pia huleta kichefuchefu, gesi na kuhara, hasa mwanzoni. Mtu mwenye gesi anaongeza dawa inayoleta gesi, halafu analalamika kwamba tumbo limezidi, anaongezewa omeprazoli, na sasa hakuna anayejua kipi kinatokana na nini. Figo zikiwa dhaifu bila wewe kujua, dawa inaweza kurundikana na asidi ya laktiki ikapanda damuni. Ni nadra, lakini ni hatari, ndiyo maana hatuandiki metformini bila kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Na mama naye? Dozi zake zinapungua usiku mmoja mmoja. Mwisho wa mwezi mzee wa sukari anakosa dawa, na kliniki inamuuliza kwa nini sukari imepanda.

Sasa turudi kwa bakteria.

Kama kuna kitu kilichothibitishwa kwa jaribio la kura, kwa watu wenye hali ya familia kama yako kabisa, ni kumuua H. pylori na kuhakikisha amekufa. Korea Kusini waliwachukua watu ambao mzazi, kaka au dada yao aliugua saratani ya tumbo, wote wakiwa na bakteria. Nusu walipewa dawa za kumuua, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2020 baada ya kufuatiliwa kwa takriban miaka tisa. Saratani ilipata asilimia 1.2 ya waliotibiwa na asilimia 2.7 ya wasiotibiwa. Kilichonivutia zaidi ni mgawanyo wa pili. Kwa wale ambao bakteria alithibitishwa kuondoka, saratani ilikuwa asilimia 0.8; kwa wale aliobaki nao, wakiwemo waliomeza dawa lakini bakteria hakufa, ilikuwa asilimia 2.9. Na China, katika wilaya ya Linqu mkoani Shandong, wiki mbili za dawa mwaka 1995 zilikuwa bado zinaonyesha faida zaidi ya miaka 20 baadaye. Hakuna takwimu ya metformini inayokaribia hapo.

Ndiyo maana siku 14 bila kupimwa tena hazinitoshi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Bakteria hawa wamezoea dawa. Metronidazoli tunaimeza kwa kila kuhara na klarithromaisini kwa kila kikohozi, kwa hiyo kushindwa kwa matibabu ya kwanza si jambo la ajabu hapa kwetu, hata kwa mgonjwa aliyemeza kila kidonge kwa wakati. Kupima kunafanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki. Omeprazoli na ndugu zake inabidi ziachwe wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema hakuna bakteria ilhali yupo amejificha. Kiungulia kikikubana katika wiki hizo mbili, tumia dawa ya maji ya kutuliza asidi.

Kipimo kiwe cha choo cha kutafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi. Kisiwe cha damu. Nalisisitiza hili kwa sababu maabara ndogo za mtaani hupenda cha damu: ni cha haraka na ni cha bei ya chini. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki damuni muda mrefu baada ya bakteria kufa. Wapo watu wanaotibiwa mara tatu, mara nne, kwa bakteria ambaye hayupo tena. Ukikuta bado yupo kweli, usirudie dawa zile zile za mwanzo. Mwambie daktari ulitumia zipi, apange mchanganyiko mwingine. Mara nyingi tunaongeza bismathi na kubadilisha antibayotiki.

Kitu cha pili ni kujua metaplasia imeenea wapi. Chukua ripoti ya patholojia, ile karatasi ya vinyama na si ile yenye picha za kamera. Tazama vinyama vilitoka wapi. Utaratibu mzuri ni vitano: viwili sehemu ya chini ya tumbo karibu na mlango wa kutokea, viwili sehemu ya juu, na kimoja kwenye pindo la katikati, kila sehemu kwenye chupa yake. Ripoti nyingi ninazoletewa husema "vinyama vya tumbo" basi, vyote vimetupwa chupa moja. Hapo huwezi kujua kama metaplasia iko pembe moja tu au imetapakaa. Uliza pia kama ni aina kamili au isiyo kamili. Isiyo kamili ina hatari zaidi. Kama haikuandikwa, si lazima uingizwe kamera upya kwa hilo. Maabara huhifadhi vipande hivyo ndani ya nta, na mwanapatholojia anaweza kuviangalia tena ukiomba.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Ulaya wa 2019, mwenye metaplasia kidogo sehemu ya chini tu, asiye na historia ya familia, aliyepona bakteria na mwenye aina kamili, hahitaji kamera za kurudia. Wewe uko nje ya kundi hilo kwa sababu ya baba. Hata kama iko sehemu moja tu, kamera baada ya miaka mitatu ni jambo la kuzungumza kwa dhati na daktari wako. Ikiwa imeenea juu na chini, muda unafupishwa hadi mwaka mmoja au miwili. Wamarekani mwaka 2020 walikuwa wabahili zaidi wa kamera kwa watu wote kwa jumla, lakini nao waliwatenga wenye ndugu aliyeugua. Kamera ya ufuatiliaji ifanywe bila haraka, kwa mashine nzuri, na mtu anayejua anatafuta nini. Bora moja ya namna hiyo kuliko tatu za mbio mbio.

Je, inaweza kurudi nyuma? Tezi zilizopungua huweza kurejea kwa kiasi bakteria akiondoka. Metaplasia ni ngumu zaidi. Kwa baadhi ya watu imepungua baada ya miaka mingi, kwa wengi inabaki ilivyo. Kubaki ilivyo si hasara. Tunachotaka ni isisonge mbele, na majumba yale ya Kiambu yakikaa miaka 40 bila ghorofa jipya, umezeeka nayo salama.

Kuna mlango mmoja halali wa metformini kwako, na nataka uugonge. Una miaka 47 na mama ana sukari. Umesema huna sukari, lakini hukusema ulipimwa lini. Pima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Pamoja nacho, pima kreatinini, damu kamili na B12. Ukikutwa uko kwenye mpaka wa kisukari, metformini ina ushahidi wake huko. Jaribio kubwa la Marekani la 2002 lilionyesha inapunguza kuvuka mpaka huo kwa asilimia 31, ingawa kutembea na kupunguza uzito kulipunguza kwa asilimia 58. Hapo utaandikiwa kwa jina lako na dozi yako, na kama tumbo litafaidika pia, hiyo itakuwa bahati ya juu yake.

Chakula nitapita haraka. Juisi ya kabeji, aloe na unga wa mlonge havijaonyeshwa kuondoa metaplasia. Pilipili inaweza kukuchoma, lakini haijathibitishwa kuleta saratani. Chumvi nyingi ndiyo inayochangia. WHO inashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai, na hiyo ni pamoja na ile unayochovya nyama choma. Sigara iache kama unavuta. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usivimeze ovyo.

Kama unataka kushiriki jaribio, hilo ni jambo la heshima. Kenya jaribio lolote la dawa linapaswa kuwa na kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu, na mshiriki hapaswi kutozwa dawa inayojaribiwa. Anayekuuzia "jaribio" anakuibia. Jua pia kwamba aliyekuwa akijimezea metformini nyumbani anaweza kukataliwa mlangoni.

Usingoje kipimo chochote kati ya hivi kama utaona mojawapo ya haya: kutapika damu, choo cheusi kama lami (isipokuwa unameza vidonge vya chuma, ambavyo navyo hukitia weusi), kupungua uzito bila kutaka, kushiba kwa vijiko vichache, damu kupungua, au chakula kukwama kifuani unapomeza. Hiyo ya mwisho Wakenya tuiogope zaidi, kwa kuwa saratani ya umio ni kubwa huku kwetu. Nenda hospitali yenye kamera siku hiyo hiyo au kesho yake, na useme mapema kwamba baba yako alifariki kwa saratani ya tumbo.

Kaka yako wa Nakuru ni mtoto wa baba yule yule. Kwa kuwa ana dalili na ana historia hiyo, asitibiwe "vidonda" vya kemisti. Afanyiwe kamera na vinyama vichukuliwe kwa mpangilio niliokueleza. Ndugu zako wengine wasio na dalili wapime choo. Watakaokutwa na H. pylori watibiwe, kisha wapimwe tena baada ya wiki nne.